Picha ya Savvas Bila Fidla

Limassol, 14 Januari 2008

Binti Pantelitsa,

Hunijui, lakini mama yako ananijua. Mimi ni Evagoras, mpiga picha niliyekuwa nikizunguka kambi yenu ya wakimbizi chini ya mikaratusi mwaka 1974, vita ilipokigawa kisiwa chetu, kamera mbili shingoni. Wewe ulikuwa na miaka mitano, na kila uliponiona ulijificha nyuma ya pipa la maji.

Anwani yako nimepewa na katibu wa chama cha watu wa kijiji chenu, Lefkovouno. Manispaa ya hapa inataka kuonyesha picha zangu za kambi mwezi Mei, na imeniomba majina ya waliomo. Nimeona aibu. Picha ni mia mbili na kumi, na majina ninayoyajua hayafiki kumi. Kabla ya vita kazi yangu ilikuwa picha za kalenda na vitabu vya watalii: fukwe, makanisa, punda, bibi anayesuka kikapu mlangoni. Katika kazi ile huulizi jina la bibi. Unamwambia ageuke kidogo upande wa jua, basi. Nilipoingia kambini niliingia na tabia ileile.

Nakutumia nakala nne. Namba 4 ni mwanamke anayejenga tanuri la mkate kwa udongo na vipande vya matofali. Ilikuwa wiki ya pili tu tangu mfike, na watu wengine walikuwa bado wanalala ndani ya magari. Namba 11 ni mwalimu aliyefunga ubao kwenye shina la mti, na watoto wameketi juu ya masanduku ya machungwa. Namba 37 ni mwanamume mbele ya hema anang'arisha viatu. Alikuwa akiving'arisha kila asubuhi, na hakuwa na mahali pa kwenda. Namba 52 ni mama yako. Jina lake ninalijua.

Yeye yu hali gani? Nimesikia kwamba kisima cha kijiji kilichimbuliwa na mifupa ikapatikana, na kwamba hajatoa damu ya kulinganisha na mifupa hiyo. Kama si siri, ningependa kujua sababu.

Nina miaka themanini na moja na moyo wangu umeanza kukosa subira. Ukiamua kujibu, tafadhali usichelewe.

Evagoras

*

Larnaka, 27 Januari 2008

Mzee Evagoras,

Nilipomsomea mama barua yako alisema, "Huyo bado anapumua? Alikuwa mwembamba kuliko nguzo ya hema. Muulize kama siku hizi anakula." Basi nakuuliza.

Majina tumeyatafuta pamoja, yeye akinyoosha kidole, mimi nikiandika. Wa tanuri ni Eleni wa Mylonas. "Andika na kwamba mkate wake wa kwanza uliungua, tukaula hivyohivyo tukimsifu." Mwalimu ni Polikarpos, alihamia Australia. Nilipomwonyesha wa viatu alinitazama kama mtu asiye na akili. "Huyo ni baba yako, wewe! Humjui baba yako?" Sikumjua. Alikufa nikiwa na miaka ishirini, na sikuwahi kuona picha yake akiwa na nywele nyeusi. Naomba nakala kubwa ya hiyo.

Anakumbuka pia wanawake walivyokuwa wakikutania kwenye foleni ya maji. "Mpiga picha, leo unatuuza nchi gani?" Na Eleni akidakia, "Waambie watalii wako walete sabuni!" Anasema ulikuwa ukiiva masikio kwa haya, halafu unapiga hivyohivyo.

Sasa hilo la damu. Si siri, kila mtu wa Lefkovouno analijua na analisema. Kisimani walitolewa watu watano. Wanne wamepata majina na wamezikwa. Wa tano, kijana mrefu, yuko ndani ya sanduku kwenye rafu ya maabara, na daktari amenipigia simu mara nne. Mama hataki. Damu yangu pia ingeweza kusaidia, lakini alinisimamisha mbele ya picha takatifu ya Bikira akaniapisha nisiitoe maadamu yeye yu hai. Anasema, "Damu hutolewa kwa ajili ya wafu. Wetu alionwa."

Ulikuwepo alipoonwa, kwa hiyo sina la kukufundisha. Mabasi ya wafungwa wa vita yaliporudi Oktoba ile, akina mama wamejipanga na picha za watoto wao, yule mwanajeshi alisimama mbele ya picha ya kaka yangu Savvas akasema, "Huyu nilikuwa naye gerezani ng'ambo. Yu hai." Ndiyo namba 52 yako: mama ameinua mikono yote miwili na anacheka. Na hata ile picha aliyoishika ni wewe uliyempa. Tulitoka kijijini na nguo za mwilini tu. Bila wewe tusingekuwa na uso wa Savvas. Iko ukutani hadi leo na taa ya mafuta inawaka mbele yake.

Lakini nikuambie ukweli, mimi nimechoka. Nina miaka thelathini na minane. Nataka kaka aliye hai au nataka kaburi. Hili la katikati limenimaliza. Mama anakuheshimu. Kama una neno la kumlainisha, liseme.

Pantelitsa

*

Limassol, 6 Februari 2008

Pantelitsa mwanangu,

Neno ninalo. Ndilo lililonifanya nikuandikie. Majina ya picha ilikuwa njia yangu ya kubisha hodi. Nilitumaini utaniambia kwamba nimesikia vibaya na mama yako amekwisha kutoa damu, ili nife bila kulisema. Haikuwa hivyo. Basi soma ukiwa umekaa, tena peke yako.

Septemba ile mama yako alinikamata mkono karibu na tanuri la Eleni. Akasema, "Wewe ulikuja kijijini kwetu Aprili, kwenye harusi. Mwanangu alipiga fidla. Lazima yumo kwenye mashine yako." Alisema kwamba wafungwa wameanza kurudi, kwamba wanawake wenye picha wanasimama mbele na wasio na picha wanasukumwa nyuma, na yeye hana hata kipande.

Niliitafuta ile filamu. Ilikuwa ya kalenda. Savvas alikuwemo mara nane, na mara zote nane alikuwa anapiga. Unajua fidla inavyoshikwa: kichwa kimeinama, kidevu kimezama kwenye ubao, mdomo umejificha. Nilikuwa na paji la uso, nyusi na macho. Chini ya pua hapakuwa na mtu.

Ningempelekea hivyohivyo. Leo najua kwamba angeshukuru. Lakini waliokuwa wakipanga picha walitaka nyuso zilizo wazi, kama za kitambulisho, na mimi nilijivunia mikono yangu. Pembeni mwa kaka yako, katika picha ileile, alisimama kijana wa udi, kile chombo cha nyuzi chenye tumbo la mviringo. Fidla haiendi harusini bila udi. Alikuwa ameinua uso, anacheka. Mwanga ulimpiga upande uleule. Basi niliiondoa fidla. Nilikata mdomo na kidevu cha yule kijana nikavipachika chini ya macho ya kaka yako, nikaziba mshono kwa wembe na penseli, kisha nikaipiga picha upya nzima. Ilinichukua siku mbili. Kidevuni palikuwa na kovu dogo, kama mkwaruzo wa ukucha. Kulifuta kungenichukua nusu dakika. Nililiacha kwa sababu lilifanya kidevu kionekane cha kweli.

Mama yako aliishika kwa mikono miwili, akaitazama kwa muda mrefu sana. Akasema, "Ndiye." Nami nikajiona fundi.

Yule mwanajeshi alishuka kutoka basi la tatu, amenyolewa kichwa, amevaa shati la mtu mnene. Alipita picha kama ishirini bila kupunguza mwendo. Mbele ya mama yako akasimama. Akaweka kidole kidevuni mwa picha akasema, "Huyu. Mwenye hili kovu. Tulilala mkeka mmoja." Nilikuwa hatua nne kutoka kwao. Nilijua palepale kilichotambuliwa. Macho ya Savvas hakuyatazama hata mara moja. Mdomo wangu ulikuwa umeshafunguka kusema. Lakini mama yako aliinua mikono, na kamera ilikuwa jichoni, na nikawaza: nibofye kwanza, halafu nitasema. Nikabofya. Halafu wanawake wakamzingira, wakambusu, mmoja akaniambia, "Mikono yako ibarikiwe!" nami nikainama nikabadilisha filamu.

Picha ile niliiita "Ameonwa". Ilizunguka dunia. Ilinitoa kwenye kalenda za punda ikanifanya mtu wa kualikwa. Kila mwaka nilisema, mwaka ujao nitakwenda Larnaka. Baadaye nikajiambia kwamba tumaini halimdhuru mama. Sasa nimejua kwamba tumaini nililompa ndilo linalomweka kijana kwenye rafu.

Yule wa udi simjui jina. Sikuuliza.

Mwambie mama yako atoe damu. Aliyeonwa si mwanawe.

Evagoras

*

Larnaka, 2 Machi 2008

Bwana Evagoras,

Barua yako imekaa kwenye mfuko wa aproni yangu wiki tatu. Nimeifua mara moja kwa bahati mbaya na bado inasomeka.

Nilipokuwa msichana nilikuwa nasimama mbele ya kioo nikitafuta kidevu cha kaka yangu kwenye uso wangu. Sikukiona. Nikafikiri mimi nimetoka upande wa baba. Kila Jumamosi nimempangusa vumbi mtu nisiyemjua, na kila Pasaka nimemwekea yai jekundu.

Unataka nimwambie mama. Wewe umeshindwa kwa miaka thelathini na mitatu, ukiwa na gari na afya, unanitumia mimi kwa stempu. Sijamwambia. Kama nikimwambia atakufa, na kama nisipomwambia kaka yangu atabaki na namba badala ya jina, na vyote viwili sasa ni kazi yangu.

Umeandika vizuri sana. Hilo ndilo linaloniudhi kuliko yote. Hata kuungama kwako umekupanga upande wa jua.

Usiandike tena.

P.

*

Larnaka, 19 Machi 2008

Bwana Evagoras,

Nilikukataza kuandika, na sasa mimi ndiye ninayeandika. Mama aliona siiwashi taa. Akaniuliza, "Umegombana na kaka yako?" Nikasema sijagombana na mtu. "Basi umegombana na picha." Ikanitoka yote. Nilikuwa nimemshika mkono nikidhani ataanguka. Aliendelea kuchambua dengu. Alipomaliza sinia zima akasema, "Lete karatasi." Yanayofuata ni maneno yake, amenionya nisiyapambe.

Evagoras,

Ulidhani mama hamjui mwanawe? Nilijua kabla hujaiachia ile karatasi mkononi mwangu. Savvas alikuwa na taya la baba yangu, pana kama sepeto. Ulichoniletea kilikuwa kidevu cha Neofitos. Lile kovu nililifunga mimi. Uzi wa udi ulikatika ukamchana, ana miaka kumi na minne, akaja kwangu na damu kifuani anacheka, anasema, "Shangazi, udi umeniuma."

Neofitos hakuwa na mtu. Mama yake alikufa akimzaa, baba yake alifia mgodini. Tangu ana miaka tisa alikula kwangu. Na alikuwa anakula! Savvas alikuwa anamwambia, "Wewe acha kijiko, chukua koleo." Mungu amrehemu. Hapana, Pantelitsa, futa hapo. Hatujui kama ni marehemu.

(Sijafuta. Ameona sijafuta, amenipiga kofi mkononi. P.)

Walichukuliwa na wanajeshi pamoja, siku moja, kutoka uwanja wa kanisa. Kambini nilikwenda kwenye meza ya kuandikisha waliopotea nikasema, nina wawili. Karani akauliza, "Huyu wa pili ni nani wako?" Nikasema anakula kwangu. Akasema, "Shangazi, tunaandika ndugu tu." Nikamwambia hana ndugu. Akasema, "Basi hana wa kumwandikisha." Sikumchukia. Foleni ilifika barabarani na yeye mwenyewe alikuwa hajui alipo baba yake.

Halafu ukaja wewe na karatasi yako: wawili katika uso mmoja. Nikasema, ndiye. Moyoni nilisema, nitawainua wote kwa mkono mmoja, atakayeonwa aonwe.

Akaonwa Neofitos. Furaha uliyoipiga haikuwa ya uongo, kwa hiyo acha kuililia. Nilifurahi kweli. Nilipofika hemani ndipo nikajiuliza mbona Savvas hakuonwa, nikaona haya kwamba nilicheka mbele za watu. Hiyo hukuipiga, ulikuwa umeondoka.

Sasa sikiliza. Kwenye faili kumeandikwa: Savvas, alionwa hai mwezi Oktoba, shahidi fulani. Maneno yale ni ya Neofitos. Yamelala kwenye jina la Savvas kwa kuwa hayana pengine pa kulala. Nikitoa damu na yule wa kisimani akawa mwanangu, watafunga faili na kusema shahidi alikosea. Hapo hakuna tena karatasi duniani inayosema kwamba Neofitos alitoka Lefkovouno akiwa hai, wala kwamba alipata kuwepo. Ndiyo maana nimekataa. Mwanangu nimemwacha rafuni ili huyu asiye na mtu asipotee mara ya pili. Mungu ataniuliza. Nitamjibu.

Mimi nikisema kwamba picha ilipachikwa, wataona ni bibi aliyechanganyikiwa. Aliyepachika ni wewe. Andika, weka saini, peleka na filamu yako. Siku watakayomfungulia Neofitos faili lake, siku hiyohiyo nitakunja mkono wa gauni langu watoe damu wanayotaka.

Theognosia

*

Limassol, 28 Machi 2008

Bi Theognosia,

Nimesaini leo. Mwanasheria alikuja hapa nyumba ya wazee, na muuguzi Androulla aliishika karatasi isitembee, kwa maana mkono wangu sasa hauniheshimu. Nakala ni hii:

"Mimi Evagoras, mpiga picha, natamka nikiwa na akili timamu: kwamba picha iliyopelekwa mwaka 1974 kuwa ya Savvas wa Lefkovouno niliitengeneza mimi; kwamba kuanzia pua kwenda juu ni Savvas, na kuanzia pua kwenda chini ni Neofitos, mpiga udi wa kijiji hichohicho; kwamba shahidi alilitambua kovu, na kovu ni la Neofitos; kwamba nilikuwepo, nililijua hilo saa ileile, na nilinyamaza. Mama wa Savvas hakushiriki katika kuitengeneza. Naambatanisha negativu nane za filamu ya harusi."

Kuhusu kauli ile kwamba hukushiriki, mwanasheria aliniuliza, "Una hakika?" Nikasema nina hakika. Usinikosoe katika hilo.

Manispaa nimewaeleza. Bibi wa maonyesho alinipigia, akazungumza polepole kama watu wanavyozungumza na sisi tuliozeeka. "Mzee, ya zamani hayo, kwa nini uyachokonoe? Picha ni nzuri, watu wanaipenda." Nikamwambia itundikwe na maelezo yangu chini yake, au isitundikwe. Aliahidi kunipigia. Baada ya siku tatu Androulla alisoma gazetini kwamba ukumbi wa Mei amepewa mchoraji wa maua.

Sikuumia kama nilivyoogopa. Kinachoniumiza ni kingine. Nilikaa kambini kwenu miezi miwili. Nilipiga mikono yenu, moshi wenu, nguo zenu kwenye kamba. Niliamini kwamba mwanamke yule niliyempa picha alidanganyika, na kwa miaka yote nikamhurumia. Wakati huo wewe ulikuwa unajua zaidi yangu, na unabeba zaidi yangu, na hukunitupia hata neno. Nilikutazama kupitia kioo kizuri sana cha kamera, Bi Theognosia, na sikukuona.

Kwenye bahasha kuna picha ya Neofitos, uso mzima. Nimeikuzisha studio. Nilimkataza fundi asiiguse kwa penseli.

Baba yake Pantelitsa pia yumo, na viatu vyake.

Evagoras

*

Larnaka, 20 Julai 2008

Mzee Evagoras,

Nimepiga simu hapo, Androulla akaniambia kwamba hunyanyuki tena lakini unasikia. Nimemwomba akusomee hii kwa sauti, pole pole, na asiruke kitu.

Faili la Neofitos lilifunguliwa tarehe 22 Aprili. Tulikwenda na karatasi yako. Karani wa sasa ni msichana mdogo, mwenye adabu. Alisoma maneno yako mara mbili, kisha akamuuliza mama uhusiano wake na aliyepotea. Mama akasema, "Anakula kwangu." Msichana akageuza kompyuta tuione: mama, baba, mume, mke, ndugu, mtoto. "Hapa hakuna nafasi ya hilo, bibi." Mama akasema, "Basi iongeze." Mwishowe msichana aliichapisha fomu, akachukua kalamu, akaandika pembeni kwa mkono, na akapiga mhuri juu yake ili mtu asije akaifuta. Mama alikunja mkono wa gauni hapohapo mezani. Ilibidi tumwambie kwamba damu inachukuliwa ghorofa ya juu.

Majibu yalitoka Juni. Ni Savvas.

Kabla ya mazishi wanakuruhusu kumwona. Wamempanga juu ya meza ndefu, kila mfupa mahali pake, juu ya kitambaa cheupe. Nilikuwa nimejiandaa kumshika mama. Yeye alitembea moja kwa moja hadi kichwani, akaweka kiganja kwenye taya, akalipima kama anavyopima unga. Alikaa hivyo mpaka daktari akaondoka chumbani mwenyewe. Mimi kaka yangu ndipo nilipomwona kwa mara ya kwanza, na ni kweli, taya lake ni langu.

Tulimzika tarehe 5. Eleni wa Mylonas alikuja na fimbo mbili, akachemsha ngano ya kugawia watu makaburini sufuria zima, safari hii haikuungua. Watu wa Lefkovouno waliokuwa wakimsema mama walikuja pia. Yeye hakumsema mtu.

Ile picha ya ukutani nilitaka kuishusha. Mama amekataa. Anasema ni kazi ya mikono na ilimfanyia kazi.

Amevaa nyeusi tangu siku ya mazishi, na kwetu unajua, mama akiivaa kwa ajili ya mwanawe haivui tena. Lakini jana ilikuwa Jumamosi, siku ambayo akina mama wanasimama na picha karibu na kizuizi cha mpakani. Sasa wamebaki kumi na mmoja. Nilimkuta sebuleni ameshajiandaa: gauni la kijani, lile la ubatizo wa mwanangu. Jirani yetu Loukia alikuwa mlangoni amejishika mashavu. "Theognosia! Hata siku arobaini hazijafika! Watu watasemaje?"

Mama alikuwa anaifuta picha ya Neofitos kwa pindo la kitambaa. Akasema, "Waseme. Huyu akitokea leo akaniona na nyeusi, atajua habari za Savvas kabla sijafungua mdomo. Habari ile nataka nimpe mwenyewe, nyumbani, akiwa ameshakula."

Tulisimama hadi saa sita mchana.

Pantelitsa